Mbiu, Ushahidi na Jibu: Historia ya Utetezi wa Umma katika Kisauni, Likoni na Changamwe

1. Utangulizi

Wahenga walisema kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Kwa kawaida methali hii hufunzwa kama wito wa kutega sikio. Hata hivyo, ndani yake mna mambo mawili ambayo aghalabu huchanganywa. Kuna mbiu, yaani ile pembe iliyopulizwa ili watu wakusanyike; na kuna jambo, yaani lile ambalo watu waliambiwa baada ya kukusanyika. Zamani aliyekuwa na haki ya kupuliza pembe alijulikana, na jambo lilitoka kwa mwenye mamlaka. Leo kila mwenye simu ya mkononi anayo pembe yake. Makala haya yanakusudia kuchunguza ni nini kilichobadilika, na ni nini ambacho hakikubadilika, baada ya pembe kuenea kiasi hicho.

Uwanja wetu wa uchunguzi ni maeneo matatu yanayokizunguka kisiwa cha Mombasa: Kisauni kwa upande wa kaskazini, Likoni kwa upande wa kusini, na Changamwe kwa upande wa magharibi. Fasihi ya Mombasa inayofundishwa vyuoni imeegemea mno kisiwani, katika mitaa ya Mji wa Kale na washairi wake mashuhuri. Watu wa ng'ambo ya maji, ambao kwa miongo mingi wamekuwa wakivuka kila alfajiri kwenda kufanya kazi bandarini, viwandani na majumbani mwa watu, wametajwa zaidi kama umati kuliko kama wasemaji. Hali hiyo ni pengo katika historia ya fasihi yetu, kwa kuwa baadhi ya matini nzito za utetezi katika Pwani ya Kenya zimezaliwa huko.

Hoja tunayoitetea ni kwamba matini ya utetezi haikamiliki kwa kuenea. Hukamilika inapopita daraja tatu: mbiu, inayowaamsha watu, ushahidi, unaowapa jambo la kushika, na jibu, linalotolewa na yule anayewajibika kulitoa. Mitandao ya kijamii imeirahisisha mno daraja ya kwanza. Imeisaidia daraja ya pili kwa kiasi fulani. Daraja ya tatu imebaki na ugumu wake wa tangu zamani. Mhakiki anayeipima nguvu ya matini hizi kwa idadi ya waliozisambaza tu, huwa amepima sauti ya pembe na kuliacha jambo.

2. Kengele ya Kisauni

Tuanze na chombo kimoja cha chuma. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa, baada ya shinikizo la Waingereza lililoongozwa na Bartle Frere. Mwaka 1875 wamishenari wa CMS waliasisi kijiji cha watumwa waliokombolewa katika ardhi ya Kisauni, kikaitwa Freretown kwa jina la mjumbe huyo. Kijijini humo palisimamishwa kengele. Mapokeo ya wenyeji yanasema kwamba ilipigwa ili kuwaonya wakazi kila wakamata watumwa walipokaribia. Kengele hiyo imebaki kuwa kumbukumbu hadi leo, na njiapanda ilipo huitwa Kengeleni.

Kwa mtazamo wa fasihi simulizi, mlio wa kengele ni matini fupi kupita zote: haina maneno, haina fanani anayetambulika, na maana yake yote imo katika makubaliano ya awali baina ya mpigaji na msikilizaji. Aliyeisikia kengele ya Freretown hakuhitaji kuelezwa adui ni nani, wala akimbilie wapi. Jambo lilitangulia mbiu. Hiyo ndiyo sababu kengele ilitosha.

Linganisha na alama ya reli inayotangulia neno katika mitandao ya kijamii. Hiyo nayo ni kengele. Inakusanya sauti zilizotawanyika na kuziweka mahali pamoja, ili mtu wa Mtopanga na mtu wa Mtongwe wajikute wanazungumzia jambo moja kwa saa moja. Lakini wanaokusanywa nayo hawakuwahi kukubaliana kabla. Mmoja amekuja kulia, wa pili amekuja kucheka, wa tatu amekuja kuuza bidhaa. Kengele ya Kisauni ililindwa na kijiji. Alama ya reli haina kijiji, na kwa hivyo ni lazima ikijenge kijiji chake kila inapopigwa. Wakati mwingine hufaulu. Mnamo Juni 2024, vijana wa Kenya waliopinga Mswada wa Fedha walijenga kijiji cha namna hiyo kwa siku chache tu, na maandamano yakaenea Mombasa pamoja na miji mingine. Mnamo Juni 25 waandamanaji waliingia Bungeni, watu wakapoteza maisha, na siku iliyofuata Rais akatangaza kwamba hatautia saini mswada huo. Walikuwa na jambo moja, lenye jina moja, na mtu mmoja wa kulijibu.

3. Waraka: wenye saini na usio na saini

Baina ya kengele na simu ya mkononi pana waraka. Mwaka 1968 kijana wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, aliandika waraka ulioitwa Kenya: Twendapi? akiikosoa serikali ya chama cha KANU. Kwa ajili ya maandishi hayo alifungwa jela miaka mitatu, kuanzia 1969 hadi 1972. Mashairi aliyoyatunga kwa siri akiwa kifungoni yalichapishwa mwaka 1973 katika diwani ya Sauti ya Dhiki. Wahakiki wameiandikia diwani hiyo kurasa nyingi, na wamefanya vyema. Waraka wenyewe umepewa nafasi ndogo zaidi, ilhali ndio ulioizaa diwani.

Jambo la kuzingatia hapa ni umbo la kichwa cha waraka ule. Ni swali. Swali huidai hadhira ijibu, na humdai pia mtawala. Dola ilijibu kwa pingu, na kwa kufanya hivyo ilikiri kwamba imesikia. Tukitumia istilahi za malumbano ya washairi wa Mvita, mpinzani aliingia ulingoni, ijapokuwa aliingia na rungu badala ya beti. Uzito wa tukio lile ulitokana na kwamba mtu mmoja aliyabeba maneno yake mwenyewe na akayalipia.

Miaka 29 baadaye Likoni ilishuhudia sura nyingine ya waraka. Usiku wa Agosti 13, 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, askari wakauawa, na machafuko yakaenea Kusini mwa Pwani. Makumi ya watu walipoteza maisha na maelfu walihama makwao, wengi wao wakiwa watu waliotoka bara. Katika hali hiyo palisambazwa vikaratasi visivyo na saini vikiwataka watu hao waondoke. Vikaratasi hivyo navyo vilikuwa mbiu. Vilikuwa vyepesi, rahisi kunakiliwa, na vilimfikia kila mlengwa mlangoni pake. Havikuwa na mtu wa kuulizwa.

Ni muhimu tuukabili ukweli huu bila kuupamba. Watetezi wa mitandao ya kijamii hupenda kuhesabu asili yao katika waraka wa 1968. Lakini urithi una pande mbili, na vikaratasi vya 1997 vimo katika ukoo uleule. Sifa za kifani zinazoufanya ujumbe wa utetezi uenee, yaani ufupi, ukali, wepesi wa kunakiliwa na kufichika kwa mwandishi, ndizo zizo hizo zinazoufanya ujumbe wa chuki uenee. Fani haituhakikishii maudhui. Kinachoutenga waraka wa Abdilatif na kile kikaratasi cha Likoni ni kwamba wa kwanza uliwauliza wenye nguvu, na cha pili kiliwatisha wasio na nguvu.

Tume ya Akiwumi, iliyoundwa mwaka 1998 kuchunguza machafuko ya kikabila nchini, ilisikiliza mashahidi na kukamilisha ripoti yake mwaka 1999. Ripoti hiyo haikutolewa kwa umma hadi mwaka 2002. Ushahidi ulikuwepo, umeapiwa na kuandikwa, lakini ulifungiwa kabatini. Pengine hatushangai basi kwamba mnamo Januari 2008, katikati ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, vijana Wakenya walipounda programu ya kukusanya taarifa za wananchi kwa ujumbe wa simu na kuzionyesha kwenye ramani, waliipa jina la Kiswahili: Ushahidi. Jina hilo lenyewe ni uhakiki wa historia. Linasema kwamba kilichopungua nchini hakikuwa kelele.

4. Maji mamoja, misiba miwili

Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka mita chache kutoka ufukweni ikiwa imejaza abiria kuliko uwezo wake. Watu 272 walikufa. Wengi wao walikuwa wafanyakazi waliokuwa wakielekea kisiwani asubuhi. Tarehe 29 Septemba 2019, katika kivuko cha Likoni, gari liliteleza kutoka kwenye feri ya MV Harambee na kuzama. Ndani yake alikuwemo mama mmoja na bintiye mwenye umri wa miaka 4. Kivuko cha Likoni na kile cha Mtongwe viko katika mkono mmoja wa bahari, Kilindini, na wakati wa misiba yote miwili vyombo viliendeshwa na shirika moja.

Msiba wa 1994 ulitokea wakati redio ilikuwa bado ni ya dola. Kituo cha kwanza cha redio cha binafsi kilianza kutangaza Nairobi mwaka 1996. Abiria hakuwa na simu mfukoni. Habari zilipita magazetini, misikitini, makanisani na katika matanga, kisha zikarudi kwenye familia moja moja na kukaa humo. Msiba wa 2019 ulinaswa kwa simu. Watu waliokuwa kwenye feri waliliona gari likielea kisha likizama, na muda si mrefu nchi nzima ilikuwa imeliona. Kwa siku 13 mitandao ya kijamii haikunyamaza. Wakenya waliuliza kwa nini hapakuwa na wapiga mbizi, kwa nini feri ilikuwa katika hali ile, na kwa nini msemaji wa serikali alitoa maelezo aliyoyatoa. Gari liliopolewa Oktoba 11, likiwa na miili ndani.

Mhakiki atauliza: kwa nini wawili walilitikisa taifa kwa namna ambayo 272 hawakulitikisa? Jibu la haraka ni teknolojia, na lina ukweli. Lakini jibu hilo halitoshi. Picha ile ilifanya kazi ambayo tanzia imeifanya tangu zamani. Mtunzi wa tanzia hamlilii binadamu kwa jumla. Humlilia marehemu mmoja kwa jina, kwa kimo na kwa tabia yake. Idadi humwomba msikilizaji atumie akili. Mtu mmoja humwomba atumie moyo. Wafu wa Mtongwe walifika kwa taifa wakiwa idadi. Mama wa Likoni na mwanawe walifika wakiwa mama na mwana.

Aidha, dai la 2019 lilikuwa na umbo lililoruhusu jibu. Lilimwelekea mhusika anayejulikana, na lilitaka kitu kimoja kinachoonekana: gari litolewe majini. Gari lilipotolewa, dai lilijibiwa, na kijiji cha mtandaoni kikatawanyika. Hapo ndipo penye udhaifu. Swali dogo lilijibiwa kwa siku 13. Swali kubwa, la usalama wa mamia ya maelfu ya watu wanaovuka maji yale kila siku, lilikuwa limeulizwa tangu 1994, na halikuwa na picha. Huduma za feri baadaye ziliwekwa chini ya Mamlaka ya Bandari ya Kenya, uamuzi uliopita katika ofisi na nyaraka muda mrefu baada ya umati wa mtandaoni kuhamia jambo jingine. Umati huo ulimzika marehemu kwa heshima, ukarudi nyumbani.

5. Owino Uhuru: utetezi wa mwendo mrefu

Mfano wetu wa mwisho ni wa Mikindani, sehemu iliyokuwa ndani ya eneo bunge la Changamwe kabla ya Jomvu kutengwa. Katika mtaa wa Owino Uhuru, wenye wakazi wapatao 3,000, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata madini ya risasi kilianza kazi mwaka 2007. Moshi na maji machafu yalimwagika mtaani. Mwaka 2009 Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa na kiwanda hicho, aligundua kwamba mwanawe mchanga aliyekuwa akimnyonyesha alikuwa na sumu ya risasi mwilini. Akaacha kazi, akaanzisha kituo cha kutetea haki na mazingira, na akaanza kuwatafutia watoto wengine wa mtaa vipimo vya damu.

Mwaka huohuo wa 2009 nyaya za mawasiliano za chini ya bahari zilifika Mombasa. Waya wa TEAMS ulitoka Fujairah katika Ghuba, ukaifuata bahari ileile iliyoleta majahazi kwa karne nyingi, na katika miezi iliyofuata intaneti ya kasi ikaanza kuenea nchini. Kwa hiyo maisha ya utetezi wa Owino Uhuru na maisha ya mitandao ya kijamii nchini Kenya yamekwenda sambamba, na yanatupa fursa adimu ya kupima kipi kilifanya nini.

Omido na majirani zake waliandika barua kwa wakuu. Waliandamana, mwaka 2012 alikamatwa na kushtakiwa kwa uchochezi, kisha mahakama ikamwachilia. Alitishwa. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2015 alitunukiwa Tuzo ya Goldman ya mazingira, na kuanzia hapo kisa cha mtaa wake kikaenea duniani kwa filamu fupi, picha na jumbe za mitandaoni. Hatuidharau mbiu hiyo. Iliwalinda watetezi kwa kuwafanya wajulikane, kwa maana ni vigumu zaidi kumnyamazisha mtu ambaye dunia imemwona. Lakini sumu ilikuwa bado imo udongoni, na watoto walikuwa bado wagonjwa.

Mwaka 2016 wakazi walifungua shauri la kikatiba katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Mombasa. Katika jina rasmi la shauri, mlalamikaji wa kwanza anatajwa kwa herufi mbili tu za mwanzo. Hapa pana tofauti kubwa ya kifani baina ya matini ya mahakama na matini ya mtandao. Mtandao huuonyesha uso wa mtoto mgonjwa ili watu wahurumie. Mahakama iliuficha uso na kukidhihirisha kipimo cha damu. Ya kwanza hutaka machozi, ya pili hutaka uthibitisho; na mwenye kuwajibika, ambaye anaweza kuyavumilia machozi mpaka yakauke, hawezi kuukwepa uthibitisho kwa namna hiyohiyo.

Tarehe 16 Julai 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 na kuamuru eneo lisafishwe. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani iliitengua fidia hiyo. Mnamo Desemba 2024 Mahakama ya Juu iliirejesha. Katika miaka hiyo yote umma wa mtandaoni uliinuka na kulala mara nyingi: uliinuka siku ya tuzo, ukainuka siku ya hukumu, ukalala katikati. Kilichoendelea kuwa macho ni jalada la kesi, pamoja na watu wachache waliolibeba kutoka ofisi hadi ofisi.

6. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kengele ya Freretown, waraka wa 1968, vikaratasi vya 1997, video ya 2019 na jalada la Owino Uhuru ni matini za ukoo mmoja, zinazotofautiana kwa namna zinavyomfikia mwenye kujibu. Teknolojia huamua mbiu itasikika umbali gani. Haiamui kama kuna jambo, wala kama jambo litajibiwa. Mtetezi anayezisoma matini hizi kwa makini atajifunza kuuliza mapema: nani anawajibika kujibu, anadaiwa nini hasa, na ni ushahidi gani utakaosimama baada ya watu kutawanyika?

Kwa upande wetu sisi wanafunzi na walimu wa fasihi, liko jukumu la karibu zaidi. Mashairi ya Muyaka bin Haji yalitungwa kwa ajili ya matukio ya siku zile za Mazrui, na mengi yangekuwa mafumbo matupu kwetu lau Mwalimu Sikujua wa Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19, asingeyakusanya pamoja na maelezo yake na kumpa mmishenari W. E. Taylor. Sikujua alihifadhi beti, na alihifadhi pia habari ya nani alimwambia nani, na kwa nini. Jumbe za mitandaoni za Likoni na Mikindani zinapotea kwa kasi kuliko tungo za Muyaka zilivyopotea: akaunti hufungwa, simu huibwa, kampuni hubadilisha masharti. Anayezikusanya bila muktadha wake atawarithisha wajukuu kelele. Utafiti wa uzamili unaoingia mitaani sasa, ukawahoji waliosambaza na waliosambaziwa, na kuzihifadhi sauti zao kwa idhini yao bila kuwaanika, utakuwa umefanya kazi ya Sikujua.

Mtoto aliyezaliwa Owino Uhuru mwaka 2009, mwaka ambao barua za kwanza ziliandikwa, alikuwa na umri wa miaka 15 Mahakama ya Juu ilipotoa uamuzi wake. Huo ndio urefu halisi wa safari kutoka mbiu hadi jibu katika Mombasa ya ng'ambo ya maji, na historia ya fasihi ya utetezi haina budi kuandikwa kwa kipimo hicho.